Maswali ya Wasomaji: Betri ya Sola Miezi Minane Tu, Imekufa?

Ndugu wahariri, umeme wa gridi haujafika kitongojini kwetu. Nilifunga paneli ya wati 100, betri ya maji ya Ah 100 (ampea-saa) na kontrola ya PWM, yaani kifaa cha kudhibiti chaji. Miezi sita taa na simu zilikwenda vizuri. Kisha nikaongeza inveta ya wati 500, ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, na televisheni. Sasa ni mwezi wa nane, na kila ikifika saa tatu usiku inveta inalia na kuzima. Fundi ananiambia ninunue betri nyingine. Ninunue?
*Msomaji, Handeni*

Usinunue kwanza, ndugu. Betri mpya ukiifunga kwenye mfumo huohuo itakufa vilevile.

Tuhesabu. Tuseme una taa nne za wati 7: zikiwaka saa tano, ni wati-saa 140. Televisheni ya wati 30 kwa saa nne ni 120, na simu tatu kama 30. Jumla 290. Paneli ya wati 100, ukishatoa hasara ya joto, vumbi na waya, hukupa wati-saa 300 hivi siku ya jua zuri. Hapo unapumua kwa shida, lakini unapumua. Sasa ongeza inveta. Ikiwashwa tu, hata bila kitu kilichochomekwa, inveta ndogo hula kama wati 8. Ukiiacha usiku na mchana, hizo ni wati-saa 192, zaidi ya televisheni yenyewe! Matumizi yamefika 480, mapato ni 300.

Pengo hilo linatoka kwenye betri. Betri ya volti 12 ya Ah 100 inabeba wati-saa 1,200, ila ya maji kama yako, yenye sahani za madini ya risasi ndani, hutakiwi kuitumia zaidi ya nusu. Ikikaa siku nyingi bila kujaa, sulfeti (chumvi ngumu) huganda kwenye sahani zake na chaji haiingii tena. Pima kwa mita alfajiri, vitu vyote vikiwa vimezimwa tangu usiku: volti 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu, chini ya 12.0 unaiumiza.

Kwa hiyo zima inveta kwa swichi yake kila unapozima televisheni. Bora zaidi, tafuta televisheni ya DC ya volti 12, uichomeke kwenye kontrola, inveta ipumzike kabisa.

Kagua pia waya unaoshuka kutoka paani. Kosa hili ni la kawaida mno. Mchana wa joto, paneli ya volti 18 hushuka hadi 15.5 hivi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 wenye urefu wa mita 10 hula volti 1.3 njiani. Betri inabaki na 14.2, wakati ili ijae inahitaji 14.4. Jua linawaka kutwa na betri haijai! Weka waya wa milimita za mraba 4, utapoteza nusu volti tu. Na paneli isilale juu ya bati: acha nafasi ya sentimita 10 hewa ipite, uinamishe nyuzi 10 hadi 15 kuelekea kaskazini ili mvua ioshe vumbi.

Betri uliyonayo, ijaribu. Ongeza maji safi ya betri (distilled water; si asidi, wala ya bomba) hadi yafunike sahani kwa sentimita moja, kisha iache ichajiwe wiki nzima bila kutumika. Ikipumzika usiku na isifike 12.5, hapo imekufa kweli. Irudishe kwa wanunuzi wa betri chakavu; asidi usimwage shambani. Ukinunua nyingine, isiwe ya gari: sahani zake ni nyembamba, zimeundwa kuwasha injini. Unapofunga, betri ndiyo ianze kuunganishwa kwenye kontrola, paneli ifuate. Unapofungua, paneli ndiyo ianze kutoka.

Mtambo wetu wa biogesi ni wa kuba, mita za ujazo 6, ng'ombe wawili wa zizini. Tangu Juni moto unarukaruka na gesi inaisha kabla ugali haujaiva.
*Mama wa nyumbani, Njombe*

Hayo ni matatizo mawili, mama. Moto kurukaruka ni maji ndani ya bomba: mvuke wa maji uliomo kwenye gesi umepoa na kutuama sehemu ya chini. Fungua koki ya kutolea maji hadi yaishe, kisha uifunge.

Gesi kupungua ni baridi. Vijidudu vinavyotengeneza gesi hupenda joto la nyuzi 30 hadi 35. Likishuka karibu na 15 hufanya kazi kidogo sana. Lisha kilo 40 za samadi mbichi kwa siku, yaani ndoo mbili kubwa, na maji ndoo mbili. Usizidishe maji ukidhani gesi itaongezeka, kwani yanasukuma samadi nje kabla haijatoa gesi yake. Koroga asubuhi, vunja mabonge, toa majani, acha mchanganyiko juani hadi alasiri ndipo uufungulie. Maji ya sabuni ya kuoshea zizi yasiingie, wala samadi ya ng'ombe aliye kwenye dozi ya antibayotiki. Ukishuku uvujaji, paka povu la sabuni kwenye maungio. Kiberiti kamwe!

Maharagwe kwenye jiko kapu (kapu la kutunza joto ili chakula kiive bila moto) yanabaki magumu. Nakosea wapi?
*Msomaji, Machakos*

Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kwa nguvu dakika 20 ndipo uweke kapuni, mfuniko ukiwa umebana. Sufuria ijae angalau theluthi mbili. Chakula kidogo kwenye sufuria kubwa hupoa haraka. Usifunue kwa saa nne. Hizo dakika za kuchemka usizipunguze, hasa kwa maharagwe mekundu: yana sumu inayotapisha, na joto la kapu peke yake haliiondoi.