Sindano ya kushonea mfarishi

SWALI: Nashona mfarishi wa tabaka tatu kwa cherehani ya nyumbani. Nimeshusha meno yanayosukuma kitambaa ili nizungushe kitambaa kwa mikono nichore maua. Sindano ni namba 11. Mbona mishono inaruka na uzi unachanika?

JIBU: Namba 11 ni nyembamba mno kwa kazi hiyo. Meno yakishuka, mikono yako ndiyo inayovuta kitambaa. Ukivuta ghafla sindano inapinda, ndoano ya chini inaukosa uzi, na mshono unaruka. Ikipinda zaidi itagonga bati lililo chini yake na kukatika.

Weka namba 14 (pakiti huandikwa 90/14), yenye unene wa milimita 0.9. Chagua ile ambayo pakiti yake imeandikwa Topstitch: tundu lake ni kubwa, hivyo uzi wa pamba namba 40 unapita bila kusuguliwa. Sindano za jezi (za vitambaa vinavyonyumbuka), zenye ncha butu, ziache. Kwenye pamba iliyofumwa hutoboa ovyo.

Sukuma sindano hadi juu kabisa kabla ya kukaza skrubu. Cherehani ikitungwa uzi kutoka mbele, upande bapa wa shina la sindano huelekea nyuma. Badilisha kila baada ya saa 8 hivi za kushona, au mapema ukisikia inatoboa kwa kishindo. Tena, zungusha mikono taratibu huku mashine ikienda kasi; wengi hufanya kinyume, kisha lawama inatupiwa sindano.