Usiku nafanya kazi, mchana usingizi haunijii

SWALI: Daktari, nafanya zamu ya usiku. Nikilala asubuhi, baada ya muda wa saa tatu tu niko macho kodo. Kwa nini?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Nimekesha wodini miaka mingi, naijua adha hiyo. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapokutana, kuna seli chache zinazoongoza mzunguko wa kulala na kuamka wa takriban saa 24. Zinafuata mwanga. Giza likiingia, melatonini, homoni inayouambia mwili kuwa ni usiku, hupanda. Jua likikupiga usoni ukirudi nyumbani, mwili huamini kumekucha. Vaa miwani myeusi njiani, weka pazia zito dirishani. Na mlo mkubwa saa nane usiku, tafadhali acha: wakati huo mwili huimudu sukari kwa shida.