Funga betri yenyewe, si mlango tu: niliyojifunza baada ya kuibiwa betri za trela

Nilibonyeza swichi ya jeki ya mbele, jeki haikutoa hata mlio. Trela yangu, ile ya kulala safarini, ilikuwa imeegeshwa wiki tatu, nikadhani fyuzi imekatika. Nikazunguka ubavuni. Mlango wa kisanduku cha betri ulikuwa umerudishiwa, ukiutazama kwa mbali usingejua kama umeguswa. Ndani patupu. Zilibaki waya zilizokatwa, shaba yake bado inang'aa, na alama mbili za mstatili kwenye vumbi pale betri zilipokuwa zimekaa.

Betri zenyewe ziliniuma, lakini kilichonitia hofu ni zile waya. Mwizi wa betri hahangaiki na spana. Anakata kila kinachogusa betri, anabeba, anaondoka. Kati ya waya alizokata mmoja ulikuwa wa swichi ya breki za dharura, ile yenye kamba nyembamba ya chuma inayofungwa kwenye gari linalovuta. Trela ikichomoka njiani, kamba huchomoa pini, na umeme wa betri ya trela huenda moja kwa moja kwenye breki za umeme za magurudumu. Betri isipokuwepo, pini itachomoka na breki hazitashika. Trela yenye uzito wa tani mbili au tatu itajiendea barabarani mbele ya watu. Kwa hiyo hili nalitanguliza kabla ya habari za makufuli: ukiibiwa betri, usiivute trela hata kwa safari fupi ya kwenda kwa fundi mpaka uweke betri nyingine na ujaribu ile pini.

Sasa mlango. Kufuli dogo linalokuja na trela kwenye milango ya nje ni la kuzuia mlango usifunguke kwa mtikisiko wa njia. Tazama ufunguo wako. Ukiona umechongwa CH751, fahamu kwamba funguo za namba hiyo ziko mikononi mwa watu wengi mno, kwa sababu watengenezaji waliweka kufuli la namba hiyo kwenye trela baada ya trela kwa miaka mingi, na yeyote anaweza kuununua. Wangu ulikuwa huohuo. Aliyeniibia hakuvunja kitu, alifungua tu.

Nikafanya ambalo wengi hufanya. Nilitoa lile kufuli dogo, nikafunga komeo la chuma nene na kufuli kubwa la kuning'inia. Nililala vizuri kwa muda. Kisha asubuhi moja nikakuta kufuli limefungwa vilevile, limeshika komeo, na komeo limeshika kipande cha mlango chenye upana wa kiganja. Mlango uliobaki ulikuwa umekunjwa nje kama kifuniko cha kopo. Safari hiyo hakuchukua betri, sijui kwa nini, labda alisikia mtu. Ila alinionyesha jambo ambalo ningepaswa kuliona mapema. Ubavu wa trela ni karatasi ya alumini au faibaglasi iliyobandikwa juu ya fremu nyembamba. Mtaimbo mfupi unatosha. Hata ukiweka kufuli la benki, utakuwa umelifunga kwenye kitu laini.

Tangu hapo msimamo wangu ni huu: chukulia kwamba mlango utafunguliwa. Kazi halisi ianzie hapo, mwizi akiwa ameshauona mgongo wa betri.

Kitu kigumu katika trela ni chasi. Chuma cha kushikilia betri kinapaswa kufika kwenye chasi, kisiishie kwenye sakafu ya mbao au trei ya plastiki. Kwangu tulikata chuma cha pembe kinachopita juu ya betri zote mbili, kikashikwa na fito mbili za chuma za milimita 10, zenye nyuzi kama za bolti, zinazoshuka pande zote mbili, zikapenya sakafu hadi kwenye bamba la chuma lililochomelewa kwenye chasi. Upande mmoja chuma hicho kinaingia chini ya kishikio, upande wa pili kinafungwa kwa kufuli. Ukitaka betri, unafungua kufuli moja na kuinua chuma. Bila ufunguo, betri haiwezi kuinuliwa hata sentimita mbili, na kukata waya hakumsaidii mwizi.

Kama unachomelea, toa betri kwanza na uzipeleke mbali, na uchomoe kila waya uliounganishwa nazo. Najua fundi mzuri atalisema hili mwenyewe, ila nalirudia kwa sababu betri ya asidi inapochajiwa hutoa haidrojeni, na hewa yenye haidrojeni kuanzia asilimia 4 hivi inaweza kulipuka kwa cheche moja.

Kuna hatari nyingine katika chuma hicho chenyewe. Kipande cha chuma kinachopita juu ya betri ni daraja linalongoja kugusa vichwa viwili. Wakati wa kupima, spana yangu iliteleza ikagusa kichwa cha chanya na ukingo wa kile chuma kwa pamoja. Ilikuwa sekunde moja tu. Mlio ulikuwa kama wa kipigo, na spana ikabaki na pengo lililoyeyuka ukingoni, kubwa kama punje ya mahindi. Nimeitunza. Baada ya hapo nilikivisha chuma chote mpira wa tyubu nene, nikaufunga kwa tepu, na juu ya vichwa vya betri nikaweka vifuniko vya plastiki. Hakikisha pia chuma kinapita katikati ya betri, mbali na vichwa, na kwamba betri ikiruka kwenye shimo la barabara haiwezi kukigusa. Unapofungua waya, anza na hasi. Unaporudisha, hasi iwe ya mwisho.

Usisahau upande wa chini. Nilipomaliza kazi nilijivuta chini ya trela na tochi, nikaziona nati zangu zote zimekaa wazi, mtu yeyote mwenye spana ya 17 angezifungua akiwa amelala chali bila hata kuugusa mlango. Tuliziponda nyuzi za bolti kwa nyundo na tindo chini ya kila nati ili zisizunguke. Wengine huchomelea nati kabisa, sawa tu, mradi ukubali kwamba siku ya kubadilisha utahitaji grainda.

Kuhusu kufuli lenyewe, sinunui tena lenye upinde mrefu unaoonekana. Mkasi wa kukatia vyuma unahitaji nafasi ya kuingiza meno. Lile la duara ambalo upinde wake umefichwa nyuma, au la kawaida lililofunikwa na kipande cha bomba la chuma lililochomelewa kulizunguka, halimpi nafasi hiyo. Liwe la chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, maana linakaa karibu na mvuke wa asidi na vumbi la barabara. Unga wa grafiti kwenye tundu la ufunguo kila baada ya miezi kadhaa unatosha. Mafuta mazito yanakusanya vumbi na kulikaba.

Mlango nao usiuache. Ubadilishie kufuli dogo lenye ufunguo wa namba yake pekee. Bawaba zikiwa za nje na zimeshikwa kwa skrubu, mwizi mwenye bisibisi hana haja ya kufuli. Weka bolti zenye kichwa cha duara kisichoshikika, nati ziwe ndani, na nyuma ya ukuta mwembamba weka bamba la chuma ili bolti isichomoke na kipande cha ukuta. Faida ya mlango ni kelele na dakika chache, na dakika hizo zina thamani.

Ninachoomba kwa dhati usikifanye ni kuziba matundu ya hewa. Nimeona visanduku vilivyovikwa chuma pande zote, kazi safi ya kupendeza, na matundu yote yamefunikwa. Haidrojeni ni nyepesi, hupanda juu, kwa hiyo tundu la juu ndilo la kutokea na la chini ni la hewa kuingia. Ukihofia mkono au koleo kupenya, funika kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo. Betri za asidi zilizofungwa hutoa gesi kidogo zaidi, lakini zikichajiwa kupita kiasi nazo hutoa. Betri za lithiamu za aina ya fosfeti hazitoi gesi hiyo zinapochajiwa, na wenye nazo wengi huzihamishia ndani ya trela, chini ya kitanda au benchi. Kama una nazo, huo ndio ulinzi bora kuliko yote niliyoandika hapa. Nazo zinahitaji ulinzi hasa: ya saa-ampea 100 ina uzito wa kilo 12 hivi, karibu nusu ya ile ya asidi yenye ukubwa huo, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kutembea nayo mkononi kama begi.

King'ora nimekiweka, kidogo, cha kuhisi mlango ukifunguliwa. Kina betri yake ndogo. King'ora kinachotegemea betri za trela hunyamaza pale waya zinapokatwa, na hapo ndipo unapokihitaji. Nimeandika pia jina langu kwa rangi isiyofutika pande tatu za kila betri, na nina picha za namba zake kwenye simu. Polisi na bima watauliza namba.

Namna ya kuegesha haigharimu chochote. Ukiweza, isogeze trela mpaka mlango wa kisanduku uwe karibu na ukuta kiasi kwamba haufunguki. Kwa zile ambazo betri imekaa mbele juu ya mkono wa kuvutia, ielekeze pua ukutani. Nashangaa ni wachache wanaofanya hivyo.

Trela ikikaa zaidi ya mwezi, mimi nazitoa betri na kwenda nazo nyumbani. Ni kazi, kila moja ina kilo 25 hivi, lakini zinapumzika mahali pakavu na nazichaji mara moja kwa mwezi. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma 12.6 au juu kidogo, na nikiona imeshuka chini ya 12.4 naichaji bila kungoja. Kabla ya kuchomoa chochote piga picha ya waya na uweke tepu nyekundu kwenye kila waya wa chanya. Katika trela nyingi zilizoundwa Marekani waya mweusi ndio chanya na mweupe ndio hasi, kinyume na ulichozoea kwenye gari. Ukigeuza, fyuzi za kibadilishaji umeme, kile kinachogeuza umeme wa nyumbani kuwa wa volti 12, ndizo zitakazoungua kwanza, na usipokuwa na bahati, na kibadilishaji chenyewe.

Ukiweka swichi ya kukata umeme karibu na betri, waya wa breki za dharura usipite kwenye swichi hiyo. Uunganishwe moja kwa moja na betri, na fyuzi yake mwenyewe kama mtengenezaji ameiweka. Kila ninaporudisha betri, kabla ya kufunga lile kufuli la chuma, nachomoa pini ya dharura na kuliendesha gari linalovuta mbele taratibu, hatua moja. Magurudumu ya trela yanapaswa kukataa kuzunguka. Kisha nairudisha pini papo hapo, maana ikiachwa nje inamaliza betri na kuchemsha sumaku za breki.