Jibu: Dada amezuiliwa wodini kwa sababu ya bili

Salamu ndugu. Unauliza kama ni kosa hospitali kumzuia dada ilhali daktari amesharuhusu aende, eti bili haijalipwa. Kenya, kumfungia mtu isivyo halali ni kosa, kifungu cha 263 cha Kanuni ya Adhabu. Wala si lazima kufuli. Bawabu anayemrudisha wodini kila akifika getini anatosha. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilisema waliozuiliwa hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwa ajili ya bili walivunjiwa haki. Deni lipo, ila hospitali ilidai mahakamani, si kwa kumzuia mtu.

Kwanza angalia kama fomu ya kuruhusiwa imetiwa sahihi; bila hiyo watasema bado anatibiwa. Sisi kwa shangazi tulipeleka barua ya kulipa kidogo kidogo, nakala ikagongwa muhuri, wakamwachilia. Kitambulisho msiwaachie.