Kabla hujalipia Vitruvius ya 1521

Ndugu yangu, umeuliza kama ununue Vitruvius ya Cesariano, yaani kitabu cha usanifu majengo cha Vitruvius, Mrumi wa kale, kwa tafsiri ya msanifu Cesariano, iliyochapwa Como, Italia, mwaka 1521, ambayo muuzaji anaiita "ya kwanza yenye michoro". Hapo amekosea. Ya kwanza yenye michoro ilitoka Venice mwaka 1511, kazi ya mtawa na msanifu Fra Giocondo. Hii ya Como ndiyo tafsiri ya kwanza ya Kiitaliano kuchapwa, na mimi naipenda zaidi, maana Cesariano aliingiza humo hata michoro ya kanisa kuu la Milan.

Mwombe picha za kila mchoro, hasa yule mtu aliye uchi, aliyenyooshwa ndani ya duara na mraba. Wapo wamiliki wa zamani waliompaka wino. Kisha hesabu karatasi moja moja, ukilinganisha na nakala ya maktaba kubwa iliyowekwa mtandaoni. Karatasi ya enzi hizo ukiiinua kwenye mwanga huonyesha mistari ya wavu iliyotengenezewa. Isiyo nayo imepachikwa baadaye.

Matundu ya wadudu yasikutishe. Mhuri wa maktaba uliokwanguliwa ndio wa kuogopa, maana huenda kitabu kiliibwa; uliza ulifutwa na nani. Na kama kitabu kiko Italia, dai kwanza kibali cha kukitoa nchini.