Juisi ya machungwa au unga wa mwani, kipi kina lishe zaidi?

SWALI: Habari za kazi mwanangu. Nina miaka 61, nina presha na natumia dawa. Kila asubuhi nakunywa glasi ya juisi ya machungwa, naikamua mwenyewe na kuichuja. Sasa mkwe wangu katoka Paje kaniletea unga wa mwani, anasema niachane na juisi ni sukari tupu, eti kijiko kimoja cha mwani kinashinda jagi zima. Kanionyesha na tangazo kwenye simu limepanga gramu 100 kwa gramu 100, mwani umeongoza kila kitu, chuma, kalsiamu mpaka protini. Ni kweli? Na mjukuu wangu wa miezi 8 nimpe kipi?
Bibi wa Tanga

JIBU: Shikamoo mama. Mkwe wako ana nia nzuri ila hilo tangazo lina ujanja wake. Juisi ya machungwa karibu asilimia 88 ni maji, mwani nao umeshaanikwa maji yote yameondoka, kilo moja ya mkavu inatokana na kilo kama 7 mpaka 10 za mbichi, sasa ukipima mia kwa mia lazima mkavu uongoze, hata mchicha ukiukausha utaishinda juisi. Halafu nani anakula gramu 100 za mwani kwa siku? Kijiko cha chai ni gramu chache tu. Pima kinachoingia mdomoni, glasi kwa kijiko.

Glasi yako ya mililita 250 ina vitamini C ya kutosha siku nzima na inabaki, kijiko cha mwani hakikupi hiyo. Ila kwenye sukari mkwe ana hoja, glasi hiyo ina gramu kama 20, yaani vijiko 5 vya chai hata kama hujaongeza chochote, na Shirika la Afya Duniani linaihesabu sukari ya juisi sawa na ya kwenye chai, wanasema ikiwezekana isizidi gramu 25 kwa siku. Na ukichuja, nyuzinyuzi zinabaki kwenye chujio unazitupa (inaniuma kila nikiona). Kula chungwa lenyewe mama.

Na mwani si wa aina moja. Ule wa Wajapani, nori, wanaofungia wali, kweli una protini nyingi, theluthi ya uzito wake mkavu au zaidi. Wa kwetu unaolimwa Zanzibar kibiashara tangu 1989, spinosamu na kotonii, protini yake ni ndogo, umejaa ile kitu ya kugandisha inayopelekwa nje kuwekwa kwenye aiskrimu na dawa ya meno. Ndiyo maana ukiuchemsha maji yanakuwa mazito kama uji. Hizo ni nyuzinyuzi, zinashibisha na tumbo linazipenda, madini nayo yapo, lakini kwa kijiko kimoja usitegemee ndio vikutoshe kwa siku.

Kwako wewe wa presha kinachonipa wasiwasi ni chumvi. Mwani umetoka baharini ukaanikwa na chumvi yake, kama haukusuuzwa vizuri unailamba yote. Ukipata mwani mzima ni bora kuliko unga, unauloweka usiku kucha, unamwaga maji, unasuuza tena na tena ndio unachemsha. Pia una potasiamu, na juisi nayo inayo, na kuna dawa za presha haziendani na potasiamu nyingi, kwa hiyo kabla hujaanza beba dawa zako na huo unga ukamwonyeshe daktari. Mwenye tezi la shingo ndio kabisa asianze kienyeji, madini joto kwenye mwani hayana kipimo, pakiti hii na ile zinatofautiana sana.

Juisi ukiitaka basi nusu glasi, na uinywe pamoja na maharage au mchicha, maana vitamini C inasaidia mwili kunyonya chuma cha mboga. Chai ndio inazuia, hiyo isubiri kidogo.

Mjukuu hapewi hata kimoja. Juisi mpaka apite mwaka, na mwani kwa chumvi yake na hayo madini joto yasiyopimika, usimpe kabisa. Mpondee papai au ndizi mbivu, ziwa la mama liendelee.