Sikio la mtoto likitoa usaha, likaushe kwanza

Dada mmoja wa Ujiji ameniandikia juzi: sikio la mwanawe linatoa usaha, huu ni mwezi wa pili, na majirani wanamshauri atie mafuta ya kitunguu. Dada yangu, usitie. Hata maziwa ya mama usitie.

Haya nimeyapitia kwa mwanangu wa pili. Mafua yalikuja yakaisha, sikio likabaki linachuruzika, mto wote unanuka. Upande wa mume wangu wakasema mtoto akatwe kimeo, maana na kukohoa alikuwa anakohoa. Nikakataa. Nikaitwa mjuaji, mwanamke asiyesikiliza wakubwa. Maneno yale yananiuma hadi leo, lakini kimeo cha mwanangu kipo na mtoto anasikia. Kukata kimeo hakuponyi kikohozi wala sikio. Wembe ule huleta kuvuja damu, vidonda, hata pepopunda.

Daktari alimulika akaona ngoma ya sikio imetoboka. Akanieleza kwamba mrija unaotoka nyuma ya pua na koo kwenda sikioni, kwa watoto ni mfupi na umelala, ndiyo maana maradhi ya mafua hupanda upesi. Usaha ambao haujafikisha siku 14 kwa kawaida hutibiwa kwa dawa ya kunywa. Ukifika hapo na kuzidi, ni dawa ya matone, utakayoandikiwa na daktari. Ila tone likidondokea juu ya usaha halifiki kunakouma. Kata kitambaa safi cha pamba, kisokote kiwe utambi, kiingize taratibu, kiache kilowe, toa, weka kingine, mpaka utambi utoke mkavu. Ndipo utie dawa. Fanya hivyo mara 3 kwa siku, hata kama mtoto analia. Vijiti vya pamba viache dukani. Na ziwani asipige mbizi! Kwa watoto wa Kigoma hapo ndipo penye kazi, lakini simama imara.

Ukiona uvimbe nyuma ya sikio au shingo imekakamaa, usingoje kukuche, nenda hospitali.

Kina mama wenzangu, mtoto asiyeitika si lazima awe mkaidi. Mwite kwa nyuma, sauti ya chini. Asipogeuka, mpeleke apimwe, na umwombe mwalimu amkalishe dawati la mbele mpaka majibu yatoke.